Kaka anataka ninunue gari la rafiki yake, mume wangu anataka la yadi

Mshauri, nakusalimu.

Mimi ni muuguzi, na nusu ya kazi yangu ni zamu za usiku. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka akiba ya gari, ili nikitoka kazini alfajiri nisisimame barabarani nikingoja usafiri, na mtoto akiugua usiku nisianze kugonga milango ya majirani. Sasa fedha zimetosha gari lililotumika. Sitaki kukopa. Lakini akiba hiyo ndiyo yote niliyo nayo. Gari likiniharibikia mwezi wa pili sina pengine pa kushika.

Nimebaki na magari mawili. Ni ya aina moja, yametengenezwa mwaka mmoja, hata rangi zinakaribiana.

La kwanza liko yadi. Limeoshwa na kupigwa polishi mpaka injini yenyewe inang'aa. Bei yake imelizidi la pili kwa karibu theluthi. Wanasema lina waranti ya miezi mitatu, ila nilipoomba kuiona karatasi yake nikaambiwa nitapewa siku ya kulipa. Kijana anayeniuzia ana heshima, lakini ananipigia simu kila siku kwamba kuna mteja mwingine, nitoe arubuni kabla ya Jumamosi. Nilipomuuliza kama naweza kuja na fundi wangu, alisema gari limeshakaguliwa na mafundi wao.

La pili nimeletewa na kaka yangu mkubwa. Linauzwa na mtu anayefahamiana naye. Anasema ni gari la nyumbani, mke wake alikuwa akiendea kazini, na analiuza kwa kuwa wanahama. Tulikutana kituo cha mafuta kwa sababu kwake kuna ujenzi. Niliendesha kidogo, likaenda vizuri. Tulipofika injini ilikuwa tayari ina moto. Kadi ya gari ina jina la mtu mwingine. Alisema huyo ndiye mmiliki wa mwanzo, yeye hakuwahi kubadili jina, ila anayo fomu iliyosainiwa. Kilomita zake ni chache, hazifiki nusu ya zile za gari la yadi. Nilipompigia mara ya kwanza kumwambia nimesikia anauza gari, aliniuliza, "Lipi?" Nikamweleza, tukaendelea.

Kaka anasema watu wa yadi ni wezi wa mchana, wananunua magari mabovu wanayapaka rangi, na hiyo theluthi nitakayoongeza ni kodi ya pango lao. Mume wangu anasema mtu binafsi akishashika hela anazima simu, afadhali yadi maana ina mlango wa kugonga. Wote wanasema kwa upendo na wote wanakasirika. Kaka ameniambia nisipolichukua gari la rafiki yake nitakuwa nimemwaibisha, maana alishampa neno.

Naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Je, salama yangu iko yadi au kwa mtu binafsi? Na kaka nimwambieje?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

*

Dada yangu,

Naomba tuanze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu. Ulipompigia rafiki wa kaka yako, alikuuliza ni gari lipi. Mtu anayeuza gari ambalo mke wake alikuwa akiendea kazini ana gari moja tu la kuuza. Hana haja ya kuuliza. Anayeuliza anayo mengine, na alikuwa hajajua umepiga kwa ajili ya lipi.

Liweke hilo pamoja na mengine uliyoyaona mwenyewe. Kadi haina jina lake. Hataki ufike kwake. Ameshika fomu ya kuhamisha umiliki iliyosainiwa na mtu ambaye hujawahi kumwona. Injini mliikuta ina moto. Kwa kadiri ninavyoona, huyo si mtu binafsi anayeuza gari lake, ni mfanyabiashara wa magari asiye na yadi. Watu wa namna hii wapo popote penye soko la magari yaliyotumika. Ananunua gari kwa bei ya chini, pengine lile ambalo wenye yadi wamelikataa, halihamishii kwenye jina lake ili asilipe ada na asiache alama, kisha analiuza pamoja na hadithi ya familia. Siku ukipata tatizo, karatasi zitaonyesha kwamba uliuziwa na yule wa kwenye kadi, na yule wa kwenye kadi atasema hakujui, na atakuwa anasema kweli. Majimbo mengi ya Marekani yameweka kikomo cha magari ambayo mtu anaweza kuuza kwa mwaka bila leseni ya biashara, na wanaolengwa na vikomo hivyo ni hawa hawa.

Simwiti mwizi. Inawezekana gari lenyewe ni zima kabisa. Ila angalia unachopewa kwa bei ile: humpati mwenye gari anayejua lilikotoka na lilivyotunzwa, wala humpati mfanyabiashara mwenye anwani. Kaka na shemeji yangu wanabishana kuhusu yadi na mtu binafsi, kumbe huyo mtu binafsi bado hajatokea.

Sasa swali lako. Ukiniuliza yadi au mtu binafsi, nitakujibu kwamba nunua kwa yeyote atakayekubali gari likaguliwe na fundi wako kabla hujatoa fedha, na ambaye jina lake litakuwa kwenye karatasi utakayobaki nayo mkononi. Mpaka leo hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyekutimizia hayo. Kwa hiyo Jumamosi isikupe presha. Hakuna gari la kununua Jumamosi hii.

Nikueleze kwa nini nalishikilia jambo hili. Kila upande unauza kitu pamoja na gari. Mwenye gari wa kweli anakuuzia historia: lilinunuliwa lini, limefanyiwa nini, limegongwa wapi, lina tabia gani likiwa na baridi asubuhi. Yadi haiijui historia hiyo, au inaijua kidogo tu. Yenyewe inakuuzia nafasi ya kurudi. Ile theluthi ya bei si wizi wote kama anavyodhani kaka. Ndani yake mna pango, mishahara, matengenezo ya kulifanya gari liuzike, na mna malipo ya hatari kwamba utarudi ukilalamika. Lakini kama ukirudi hakuna kitakachofanyika, sehemu hiyo ya mwisho unakuwa umelipia bure. Ndiyo maana karatasi ya waranti ambayo utaiona ukishalipa hainipendezi hata kidogo.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala akitumia magari yaliyotumika kama mfano wake. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaiona bei hiyo ni dharau, analiondoa sokoni au anamuuzia ndugu. Mwenye gari bovu anaifurahia. Taratibu mabovu yanabaki mengi sokoni kuliko mazima. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Nimeitaja kwa sababu makala ile ile inaonyesha kinachosaidia: muuzaji kukubali kubeba gharama endapo gari litaonekana bovu. Asiyejiamini hawezi kukubali kirahisi, maana atalipia. Kwa hiyo waranti ya maandishi na ruhusa ya kuleta fundi vina faida hata kabla gari halijaharibika. Vinakwambia muuzaji mwenyewe analionaje gari lake.

Mume wako ana hoja kubwa upande wa sheria, na naomba kaka aisikie. Nchi nyingi humbana mfanyabiashara kuliko mtu wa kawaida. Uingereza, kwa Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, aliyenunua kwa mfanyabiashara ana siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro na kurudishiwa fedha zake zote. Aliyenunua kwa mtu binafsi hana haki hiyo, kinachomlinda ni kwamba gari lifanane na maelezo aliyopewa na muuzaji awe na haki ya kuliuza. Marekani kwenyewe, kanuni ya shirikisho iliyoanza 1985 inamtaka mfanyabiashara abandike karatasi dirishani inayosema wazi kama gari lina waranti au linauzwa kama lilivyo. Usichukue sheria za wengine ukadhani ni zako. Ulizia za kwako, ofisi inayoshughulikia haki za walaji au mwanasheria unayemfahamu, na uliza swali moja tu: nikinunua gari yadi likatokea na ubovu uliokuwepo tangu mwanzo, naweza kulirudisha kwa muda gani? Jibu hilo ndilo litakaloonyesha ile theluthi inastahili kiasi gani.

Yapo mambo mawili kuhusu yadi ambayo wanunuzi wengi hawaulizi. La kwanza, je, gari hilo ni mali ya yadi? Yadi nyingi huegesha magari ya watu na kuyauza kwa kamisheni. Ikiwa ndivyo, kisheria muuzaji anaweza kuwa ni yule mwenye gari, na ule mlango wa kugonga anaoutegemea shemeji ukawa wa mtu mwingine. Waulize, kisha soma jina la muuzaji kwenye mkataba wa mauzo. La pili ni waranti yenyewe. Inatolewa na nani, yadi au kampuni nyingine? Inafunika nini? Mara nyingi ni injini na gia boksi pekee, na humo ndani mna orodha ndefu ya vitu visivyohusika: klachi, pedi za breki, betri, tairi, shoku, vifaa vya umeme. Je, vipuri na ufundi vyote wanalipa wao au ufundi ni wako? Matengenezo yafanyike gereji ya nani? Kuna kikomo cha kilomita? Na gari likikaa gereji kwao mwezi mzima, mwezi huo unahesabiwa? Waranti ya miezi mitatu yenye majibu mabaya kwa maswali haya ni fupi kuliko inavyosikika. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, isome ukiwa umelala vya kutosha, si umetoka zamu.

Kuhusu yule mteja mwingine anayetajwa kila siku: huenda yupo. Akilichukua, limekwenda. Magari ya aina ile na mwaka ule hayajaisha duniani.

Upande wa kilomita, nimeona zimekuvutia. Naelewa. Lakini odometa ya kidijitali, yaani kile kipimo cha kilomita kwenye dashibodi, hurudishwa nyuma kwa kifaa kidogo na kwa muda mfupi, na gari lisilo na kumbukumbu za sevisi ndilo rahisi zaidi kudanganyia. Gari la nyumbani kwa kawaida hutembea kati ya kilomita 10,000 na 20,000 kwa mwaka. Zidisha kwa umri wa lile gari uone kama hesabu inakaa. Kisha tazama vitu ambavyo havirudishwi nyuma kwa kifaa: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, ukingo wa siti ya dereva upande wa mlango, kitasa cha gia. Siti iliyobonyea na pedali iliyong'aa haviendi na kilomita za gari lililokaa nyumbani. Fungua boneti na mlango wa dereva utafute vibandiko au vikadi vya kubadilisha oili. Mafundi huandika kilomita za siku ile, na anayechezea odometa husahau kuvibandua. Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni utakuta tarakimu nne za mwisho wa msimbo, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zote zikiwa ni za karibuni kwenye gari linalodaiwa kutembea kidogo, uliza zile za mwanzo ziliisha lini na kwa nini.

Mimi binafsi ningechukua gari lenye kilomita nyingi na daftari la sevisi lililojaa kuliko lenye kilomita chache na maneno matamu. Safari ndefu za barabara nzuri haziichoshi injini kama safari fupi za kuwasha na kuzima kabla haijapata moto.

Ukaguzi sasa. Fundi awe wako, umlipe wewe, asiwe amependekezwa na muuzaji wala na kaka. Gari likutwe limepoa. Weka kiganja juu ya boneti kabla halijawashwa. Kama kuna joto, ahirisheni mpaka kesho asubuhi. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi: kuwaka kwa shida, kugonga kwa sekunde chache za mwanzo, moshi wa bluu unaotoka mara ya kwanza kwa sababu oili imeingia kwenye silinda usiku. Moshi mweupe mzito usioisha hata gari likishapata moto mara nyingi ni maji ya radieta yanayoungua ndani ya injini. Ule mweusi ni mafuta yanayozidi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, huenda maji na oili vimekutana na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Nasema huenda, kwa sababu gari la safari fupi kwenye hali ya baridi nalo huweza kuonyesha utando kidogo. Fundi atajua tofauti.

Injini ya yadi inayong'aa isikufurahishe sana. Kuosha injini huondoa alama za kuvuja. Waombe uliendeshe nusu saa, kisha muinue boneti na mtazame chini kwa tochi. Oili mpya itakuwa imeanza kujitokeza penye tatizo.

Kompyuta ya kupimia ni lazima, na hapa naomba fundi wako asiharakishe. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na Ulaya tangu 2001, yana soketi chini ya dashibodi ya kuunganisha kifaa cha kusoma hitilafu, na watengenezaji wa kwingine walifuata. Muuzaji mjanja hufuta hitilafu asubuhi ya siku mnayokutana, na taa ya injini inazimika. Ila akizifuta, gari huanza upya kujipima lenyewe, na vipimo hivyo huchukua siku kadhaa za kuendeshwa kukamilika. Kifaa kitaonyesha kwamba havijakamilika. Gari lisilo na hitilafu hata moja lakini vipimo vyake karibu vyote havijakamilika limefutwa juzi au leo, au betri yake ilichomolewa. Muuzaji aulizwe kwa nini. Pia geuza swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa za dashibodi: taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake kwanza. Ya mifuko ya hewa huzima baada ya sekunde chache, ya injini mara nyingi huzima injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa ili usiione.

Kwenye bodi, tazama nafasi kati ya milango, boneti na bampa. Zikiwa upande mmoja pana na upande wa pili nyembamba, huenda gari liligongwa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hunata kwenye chuma na hainati penye pati nene iliyojazwa chini ya rangi, ingawa kwenye sehemu za plastiki au aluminiamu haitakusaidia. Vuta mikanda ya siti mpaka mwisho wake: tope au alama ya maji kule ndani ina maana gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko, na umeme wa gari la mafuriko hauponi. Inua kapeti, tafuta kutu kwenye skrubu za siti.

Kuliendesha, usiridhike na mzunguko wa kituo cha mafuta. Liende kwenye mashimo, mlima, na mahali pa kufunga breki kwa nguvu. Kata usukani mpaka mwisho uende polepole ukisikiliza kama maungio ya ekseli za mbele yanagonga. Kama gia ni otomatiki, ipeleke nyuma kisha mbele. Ikisita kabla ya kushika au ikiruka kwa kishindo, ondoka. Matengenezo ya gia boksi ndiyo yanayomaliza akiba ya mtu kama wewe.

Namba ya chesisi msome nyote wawili, wewe na fundi, kwenye bodi na kwenye kadi, herufi kwa herufi. Magari mengi tangu 1981 yana namba ya herufi na tarakimu 17, isiyotumia I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona O katikati ya hizo 17, imeandikwa vibaya au kuna mtu ameigusa. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, hilo si kosa. Ukiwa na namba hiyo fanya mambo mawili. Ulizia mamlaka ya usajili kama gari lina mkopo au zuio, kwa sababu katika nchi nyingi deni hufuata gari hata likibadili mikono. Kisha angalia kama liliwahi kuitwa na mtengenezaji kurekebishwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani ya Takata, iliyoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva, ilisababisha mamilioni ya magari ya kampuni nyingi kuitwa, na mpaka leo yapo yanayouzwa bila kubadilishiwa. Mume wako na mtoto watakaa humo.

Ukimpata mwenye gari wa kweli, na wapo, utamtambua. Jina la kwenye kadi ni la kwenye kitambulisho chake. Anakukaribisha nyumbani na gari limelala pale usiku huo. Ukimuuliza limewahi kusumbua nini anakujibu moja kwa moja, na kasoro anazozitaja mara nyingi fundi atazikuta zile zile. Mtu wa aina hiyo, akiwa na risiti za gereji, ningemchagua kuliko yadi yoyote, hata bila waranti, kwa sababu ile theluthi itakayobaki mfukoni mwako ndiyo waranti yako. Ila ibaki kweli. Usiitumie kununua gari kubwa zaidi.

Na hapo pana jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote kwenye barua yako: umepanga kumaliza akiba yote kwenye bei. Gari lililotumika, hata zuri, linadai fedha mwezi wa kwanza. Oili na filta zote zibadilishwe hata kama umeambiwa zilibadilishwa jana. Kama injini inatumia mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa pistoni na valvu, na hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe. Mingi imepangiwa takriban kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu na injini inakufa hapo hapo barabarani. Weka pia ya bima, ada ya kubadili umiliki, na angalau tairi mbili. Kama baada ya kutoa hayo bei ya gari la yadi haifikiki, basi gari la yadi ni ghali kwako, hata kama ni zuri. Tafuta dogo zaidi au la mwaka wa nyuma kidogo lililotunzwa.

Malipo yapitie benki, kwenda kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi au la kampuni iliyo kwenye mkataba, siku ile ile mnayobadili umiliki. Arubuni, kama ni lazima, iwe ndogo na risiti yake iandikwe kwamba itarudishwa gari likishindwa ukaguzi. Fomu iliyosainiwa na mtu asiyekuwepo usiipokee kwa bei yoyote.

Kwa hiyo wiki hii mpigie kijana wa yadi. Mwambie kwa upole: nalitaka gari, nitalipa, lakini nataka nakala ya waranti leo na nitakuja na fundi wangu asubuhi, gari likiwa limepoa. Akikubali yote mawili, msimamo wangu kuhusu yadi yake unabadilika, na fundi akiridhika unayo sababu ya kuomba bei ishuke kwa kila alichokikuta. Akikataa hata moja, umeokoa fedha zako kwa simu moja.

Kaka naye usimwambie kwamba rafiki yake ni tapeli. Huna ushahidi, na utamlazimisha amtetee. Mwambie: "Kaka, nashukuru kwa kunitafutia. Nitalinunua gari hilo kama aliyeandikwa kwenye kadi atakuja mwenyewe na kitambulisho chake, tukabadili jina siku ya malipo, na fundi wangu akalikagua asubuhi nyumbani linakolala." Ombi hilo halimtukani mtu. Muuzaji mkweli analitimiza bila shida. Kisha mwachie kaka aende kumweleza rafiki yake, maana yeye ndiye aliyempa neno, na yeye ndiye atakayesikia jibu lake kwa masikio yake. Kama mwenye kadi atatokea kweli, niandikie tena, tulipime lile gari upya kwa haki. Asipotokea, kaka hatakuwa na cha kukulaumu.